YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHUMBA CHA KUREKODIA MLICHOKIHARIBU

Meneja Mkuu,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mkataba mnao na risiti mnazo, kwa hiyo sina haja ya kuvirudia.

Naanza na Jumamosi. Kikundi cha taarabu kilichokodi studio kimeshakaa, watu saba, mimi nimeshika fidla. Nikamwambia fundi wenu kwa upole kwamba besi inaunguruma na qanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, imekufa sauti. Akapiga kofi katikati ya chumba, akatega kichwa, akasema: "Bibi, chumba kiko sawa, masikio ndiyo yamechoka." Kisha akacheka.

Masikio haya yamepiga fidla miaka 31.

Mwezi Machi chumba kilikuwa mita 6 kwa 4. Mwangwi kilikuwa nao, ndiyo maana niliwaita. Ni ninyi mlioshauri ukuta wa kutenga kibanda cha mitambo, mkaniachia mraba wa mita 4 kwa 4. Na mnajiita wabunifu! Sauti huenda kama mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa mita 8 za kwenda na kurudi, unapata mitetemo karibu 43 kwa sekunde. Hiyo ni noti ya fa ya chini ya gitaa la besi, na kwa kuwa pande zinalingana, kuta zote nne zinaivumisha kwa mpigo mmoja. Mpigaji akiigusa, ni kama daladala yenye ekzosi iliyotoboka.

Dawa yenu ikawa sponji ya milimita 25, kuta zote mpaka dari. Sponji nyembamba hivyo hunywa sauti za juu tu. Wimbi la mita 8 litaishtukia wapi? Qanuni ndiyo iliyonywewa. Bodaboda nazo bado nazirekodi, maana kelele za nje huzuiwa na ukuta mzito na mlango usio na upenyo. Mlango huo umo kwenye ankara yenu, kwangu haupo.

Vipimo vya kabla na baada mliahidi kwa maandishi. Sabine, mwanafizikia aliyeanzisha elimu ya sauti za vyumba, kuanzia mwaka 1895 kwenye Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipima kwa bomba la kinanda, saa na mito ya viti. Fundi wenu alipima kwa kofi. Kofi moja, Meneja, mbele ya watu saba walionilipa! "Masikio ndiyo yamechoka," anamwambia mwenye studio, na anacheka. Mzee wa qanuni aliinamisha uso kwa aibu ambayo haikuwa yake. Jioni ile ile wakadai pesa zao, nikazirudisha.

Nilikusudia kuomba marekebisho ndani ya siku 14. Lakini leo asubuhi nimewasha kiberiti kwenye kipande cha sponji mlichobakiza uani: kimedaka na kudondosha matone ya moto. Mwaka 2003 huko Rhode Island, Marekani, moto uliodaka sponji ya ukutani kwenye klabu ya usiku uliua watu 100. Basi bandueni yote, bomoeni ukuta wenu, mnirudishie shilingi 9,600,000 ndani ya siku 7, na kijana yule aje aombe radhi mbele ya kikundi kile kile. Siku ya nane wakili wangu ataandika, na nakala itakwenda Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mmiliki wa studio, Sinza

N.B. Ngazi yenu na mashine ya kutobolea ziko stoo kwangu. Funguo ninazo mimi.