Usiiguse hiyo ampu, yakhe

Nassor yakhe, salaam alaykum. Bi Mkubwa hajambo? Voisi zako zote tatu nimezisikiliza usiku natoka harusini Mwanakwerekwe, kutwa nzima nabeba maspika afu napanda gari nakukuta na weye unaniongelea spika, unaniuliza ununue zipi za majlis yako, sebule ya wageni, nkacheka peke yangu kama mwehu.

Haya, ile picha ya spika za B&W 801 nimeiona. Kitu cha maana, sina ubishi, mpaka studio za Abbey Road kule London wamezitumia hizo 801 kusikilizia kazi zao. Lakini weye ampu yako, hicho kikuza sauti, ni ya valvu za 300B, zile za kioo kama taa, wati 8 kila upande basi, na siku ulonunua ulinambia atakayeigusa utagombana nae. Sasa hiyo 801 imeandikwa omu 8, ndo kipimo cha inavyouzuia umeme, lakini kuna sehemu inashuka mpaka 3, na hapo ampu inadaiwa umeme mwingi ambao yako haina. Itapiga, sikatai, usiku ukiwa peke yako chini chini utaona raha. Ngoja waje mashemeji majlis imejaa, uongeze sauti kidogo tu, besi inalegea kama uji na fidla zinaanza kukwaruza.

Weye unatazama wati, na wati zilizoandikwa nyuma ya spika ni uvumilivu wake tu. Tazama desibeli, hiyo ndo inakwambia ukiipa wati 1 ukasimama mita 1 utapata sauti kiasi gani, na kila zikipungua desibeli 3 ampu inabidi itoe nguvu mara mbili. Zile spika ndogo LS3/5A za jamaa yako wa Ruwi, Maskati, ambazo BBC walizibuni miaka ya 70 za kufungwa kwenye magari yao ya matangazo, zina kama 83. Klipsch Heresy IV, ndo spika ninayokushauri, inatajwa 99. Tofauti 16, ukipiga hesabu ni mara 40 ya nguvu! Yaani kuipata sauti inayotoka kwenye Heresy kwa wati zako 8, kile kijisanduku ungekipa wati 320, na hapo kingetoka moshi. Sio kwamba LS3/5A ni mbaya, kwa sauti ya mtu sijasikia kinachoipita kwa udogo ule, na watu wanazipigia ampu za valvu miaka nenda miaka rudi, ila chumba kidogo, umekaa karibu, huna wageni.

Siri ya Klipsch ni honi. Unaijua ile ya msikitini, wati chache tu na mtaa mzima unasikia adhana, basi mzee Paul Klipsch alianza biashara yake mwaka 1946 Hope, Arkansas, kwa wazo hilohilo, na Heresy ikaja 1957. Wufa, ile spika ya besi, ya inchi 12 ya kawaida, sauti za kati na za juu ndo zinapita kwenye honi. Na hizo 300B zenyewe asili yake ni majumba ya sinema ya miaka ya 1930, ukumbi mzima ulikuwa unalishwa na wati kidogo kwa sababu spika zilikuwa za honi. Kwahiyo hao ni ndugu, unawarudisha pamoja tu.

Ubaya wake nao nikwambie. Besi ya chini kabisa huipati, inaishia kwenye hezi 48 hivi. Lakini yakhe majlis ni majlis, mito yote imepangwa ukutani, na ukutani ndo besi inajazana, kila mgeni wako amekaa palepale inapovimba! Spika yenye besi nyingi humo ingewaumiza vifua, hii itakaa sawa. Kinachonitia wasiwasi ni marumaru na vile vioo vikubwa, honi na marumaru haziivani, kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, itakuchoma masikio kama sindano. Tandika zulia nene mbele ya spika, mapazia mazito, ndo uanze kulaumu.

Usijefanya kama mie. Unakumbuka yale madude ya mtumba kutoka Dubai nlonunua kwa sura, marefu kama kabati? Ampu yangu ndogo, siku ya hitima ya Kurani ya mtoto wa dada nkaikaba mpaka mwisho, twita zote mbili, vile vispika vya sauti za juu, zikaungua jioni moja. Aliyeniuzia akanambia eti nimezipa nguvu nyingi. Nguvu wapi, ilikuwa ndogo, ampu ikizidiwa inakata mawimbi na ule mkwaruzo ndo unaochoma twita.

La Scala, ile Klipsch kubwa, usinitajie, desibeli 105 ndio, lakini moja tu ina zaidi ya kilo 80 na mama watoto atakutoa nje weye nazo.

Ukienda dukani beba rekodi zako, za kundi la taarab la Ikhwani Safaa zile zenye fidla nyingi na kanuni, usikubali wakupigie mziki wao wa maonyesho ambao hata redio ya mkulima inaupiga vizuri. Na ampu yako ubebe, hata kama nzito. Wakikubali kukuazima wiki moja majlisini ndo bora zaidi.

Nipimie hiyo majlis urefu na upana unitumie, na kama ni mraba nambie mapema maana hapo tuna kazi nyengine. Halua sijaisahau, ulisema ya zafarani.

Mwenzio,
Suleiman