Barua kwa Baba Mkubwa: Usiku wa Bendi Mjini Clarksdale

Memphis, Tennessee,
Marekani.

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Mama Mkubwa na wadogo zangu wote mkiwa wazima wa afya. Mimi huku sijambo, kazi ya ghalani inaendelea vizuri na baridi imekwisha. Habari nyingine za maisha nimemwandikia Mama katika barua yake, kwa hiyo hii yako naiweka kwa jambo moja tu, ambalo katika ukoo wetu wote naamini wewe ndiye utakayelielewa mpaka ndani: nimekwenda katika mji mdogo wa Clarksdale, jimbo la Mississippi, kusikiliza bendi za wenyeji zikipiga muziki wao katika kumbi zao wenyewe.

Clarksdale iko kilomita zipatazo 120 kusini mwa Memphis, na wakazi wake hawafiki elfu 15, yaani ni mji ulio mdogo kuliko baadhi ya kata za Manispaa ya Morogoro. Hata hivyo mji huo unajitangaza kwamba hakuna usiku wa mwaka unaopita bila mwanamuziki kupanda jukwaani mahali fulani. Tangazo hilo ndilo lililonivuta, kwa sababu nimekua nikikusikia ukisimulia jinsi Morogoro ya ujana wako ilivyokuwa na bendi mbili kubwa, Cuban Marimba na Morogoro Jazz, kwa wakati mmoja, na jinsi mtu aliyetaka dansi zuri asivyokuwa na haja ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam. Nilitaka kuona kwa macho yangu mji mdogo ambao bado uko hivyo.

Mwenzangu wa kazini, ambaye mama yake alizaliwa huko, alinichukua kwa gari lake Jumamosi mchana, tukashuka na Barabara Kuu ya 61. Kwa mtu aliyelelewa akiitazama milima ya Uluguru kila asubuhi, nchi ile inashangaza kwa utambarare wake: ni uwanda ulio kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, ambao wao huuita Delta, na mashamba yamelala pande zote mbili za barabara bila kilima hata kimoja. Humo watu weusi walilima pamba, kwanza wakiwa watumwa, kisha kwa mkataba wa kugawana mavuno na mwenye shamba, mkataba ambao mara nyingi ulimwacha mkulima na deni mwisho wa msimu. Usiku wa Jumamosi ndio uliokuwa wao. Walikusanyika katika nyumba ya mmoja wao au katika kibanda cha pombe pembezoni mwa shamba, mahali ambapo msimamizi hakuwafuata, na mwenye gitaa akapiga hadi alfajiri. Vibanda vile ndivyo vilivyoilea bluzi (blues), muziki wa watu weusi wa huko.

Tuliwahi kuingia katika Makumbusho ya Bluzi ya Delta kabla hayajafungwa. Yamo katika jengo la zamani la stesheni ya mizigo ya reli, na ndani yake wamehifadhi mabaki ya nyumba ya magogo aliyoishi mwanamuziki wa bluzi Muddy Waters katika shamba la Stovall, nje kidogo ya mji. Mwezi Agosti mwaka 1941 watafiti wawili, Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk, walimfuata hukohuko shambani na mashine yao ya kurekodi, naye akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye sahani ya santuri kwa mara ya kwanza. Niliposoma maelezo hayo nilikukumbuka wewe na wenzako mlivyosafiri na vyombo vyenu kwenda kurekodi Redio Tanzania, na jinsi unavyosema kwamba siku wimbo ulipotoka redioni hakuna aliyeweza kula. Miaka miwili baada ya kurekodiwa, mwaka 1943, Muddy Waters aliondoka kwenda Chicago. Mwaka uliofuata, katika shamba la Hopson kwenye viunga vya mji huohuo, zao zima la pamba lililimwa na kuvunwa kwa mashine, na mikono iliyokuwa ikivuna ikakosa kazi. Watu wakahama kwa maelfu kuelekea kaskazini, na wanamuziki wakawafuata wasikilizaji wao.

Jua lilipozama tulikwenda kwanza katika klabu inayoitwa Ground Zero, iliyofunguliwa mwaka 2001 na mwigizaji Morgan Freeman pamoja na wenzake katika ghala la zamani la pamba. Kuta zake zote, na hata dari, zimejaa majina yaliyoandikwa na wageni. Bendi ilikuwa nzuri na kambare wa kukaanga alikuwa mtamu, lakini wengi tuliokaa pale tulikuwa tumetoka mbali, na meza ya jirani yetu ilizungumza Kijerumani. Siwalaumu wageni, kwani fedha zao zinausaidia mji ambao maduka yake mengi ya katikati yamefungwa, lakini nilikuwa nikiwatafuta wenyeji, na mwenzangu alijua walipo.

Tulitembea kwa miguu kuufuata mto Sunflower. Katika barabara inayopakana na mto huo lipo jengo la matofali lililokuwa hospitali ya watu weusi enzi za ubaguzi, ambamo Bessie Smith, mwimbaji mkubwa wa bluzi, alifariki mwezi Septemba 1937 baada ya ajali ya gari katika ile Barabara ya 61 tuliyopita mchana. Baadaye jengo hilo lilifanywa hoteli, na wanamuziki wengi wamelala humo. Nilisimama mbele yake nikamkumbuka Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki kwa ajali mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, ambaye barabara ilimchukua kule Mombasa mwezi Januari 1979 akiwa hajafikisha miaka 35. Najua hupendi kuzungumzia msiba ule, lakini nilitaka ujue kwamba nilimtaja pale, na mwenzangu aliniuliza ni nani, nami nikamweleza njia nzima.

Baba Mkubwa, ukumbi wa Red's Lounge ningetamani uuone. Ukipita mchana unaweza kudhani ni banda lililohamwa. Aliyeuendesha kwa miongo mingi, Red Paden, alifariki mwishoni mwa mwaka 2023, na watu waliogopa kwamba ukumbi utazikwa pamoja naye, lakini mlango uko wazi hadi leo. Kiingilio usiku ule kilikuwa dola 10, nasi tulimpa fedha taslimu mtu aliyekaa mlangoni. Ndani dari ni ya chini, taa ni nyekundu, na jukwaa hakuna: bendi inasimama sakafuni, karibu na wasikilizaji kiasi kwamba mpiga gitaa akirudi nyuma hatua mbili anagusa dramu, na akija mbele hatua mbili anagusa meza yako.

Walikuwa watatu tu, gitaa, besi na dramu. Mpiga gitaa alikuwa mzee wa makamo yako, amevaa kibomba cha chuma kwenye kidole cha mkono wa kushoto, akikitelezesha juu ya nyuzi hadi gitaa likatoa sauti ya mtu anayelia. Mpiga dramu alikuwa kijana ambaye nadhani bado yuko shuleni. Nyimbo zao ni fupi kwa maneno: mwimbaji huimba mstari, huurudia kama ulivyo, kisha hutoa wa tatu unaoujibu, na gitaa hujaza mwisho wa kila mstari. Tofauti na dansi letu, ambalo huanza kwa utulivu ili maneno yasikike kisha likaingia kwenye chemko, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea, wao hubaki katika mwendo mmoja tangu mwanzo, na kinachobadilika ni nguvu. Wakitaka kuwainua watu hawaongezi kasi, bali hupunguza sauti mpaka unasikia mguu wa mpiga gitaa ukigonga sakafu, halafu hurudi kwa pamoja bila mtu kutoa ishara. Nilijaribu kuona nani anayewaongoza nikashindwa.

Kina mama wa umri wa Mama Mkubwa walikuwa wameketi meza ya mbele, wamevaa vizuri kama watu wanaotoka kanisani, na wimbo ulipowafika waliinuka wakacheza wao kwa wao, taratibu, kwa mabega na viuno, bila kumwangalia mtu. Mmoja alikuwa akimjibu mwimbaji kwa sauti baada ya kila mstari, na mwimbaji akawa anamgeukia yeye, wakawa wanazungumza ndani ya wimbo. Kisha akatoa noti, akaiweka kwenye ndoo iliyokuwa mbele ya bendi, akarudi kukaa. Wengine wakafuata. Ningekuwa nimefumba macho ningesema niko ukumbini nyumbani, na kwamba huyo ni mtu anayekwenda kumtunza mwimbaji.

Bendi ilipopumzika nilimfuata mpiga besi, kwa ajili yako. Ni fundi wa magari mchana, na hupiga mwisho wa wiki. Aliniambia kwamba kila mmoja wao anamiliki chombo chake, kwamba malipo yao hutokana na fedha za mlangoni na za ile ndoo, na kwamba hazitoshi kumlisha mtu, lakini hakuna anayeweza kuwanyang'anya besi wala gitaa. Hapo nilikumbuka maelezo yako kuhusu bendi za kwetu, jinsi NUTA Jazz ilivyokuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, na nyingine za jeshi na polisi. Wanamuziki wa bendi hizo walikuwa na mshahara, jambo ambalo fundi huyu hajawahi kulipata, lakini vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na mwenye bendi alipochoka vilifungiwa stoo na bendi ikawa imekufa siku hiyo. Sisemi kwamba njia yao ni bora kuliko ya kwetu ya wakati ule. Nasema kwamba bendi yao inaweza kuwa maskini na bado ikapiga Jumamosi ijayo.

Nilimuuliza pia kuhusu yule kijana wa dramu. Alinijibu kwamba pale makumbusho kuna masomo ya muziki kwa watoto wa mji, wanafundishwa na wanamuziki wenyewe, na humo ndimo alimopita Christone Ingram, anayejulikana kwa jina la Kingfish, kijana wa Clarksdale aliyezaliwa mwaka 1999 na kushinda tuzo ya Grammy mwaka 2022. Anayehitimu huko hutafutiwa nafasi ya kupiga na wazee, usiku, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Jambo hili ndilo lililonigusa kuliko yote niliyoyaona. Morogoro ina vijana wengi wenye vipaji, wanaimba vizuri juu ya midundo ya kompyuta, na mimi nawapenda. Lakini kijana wa Kihonda anayetaka kujifunza besi leo atasimama nyuma ya nani, na katika ukumbi gani, wakati watu kama wewe mpo hai, mnatembea mitaani, na hakuna anayewapigia hodi?

Kabla hawajarudi kupiga nilimsikilizisha yule fundi wimbo mmoja wa Morogoro Jazz kutoka kwenye simu yangu. Alishika simu sikioni, akafumba macho, akausikiliza mpaka mwisho, akaomba niurudie. Hakusema chochote kuhusu gitaa la solo, ambalo kila mtu hulisifu. Aliniuliza kwa nini besi inaacha nafasi pale ambapo yeye angepiga, na nani anayeijaza nafasi hiyo. Nikamjibu kwamba ni tumba na gitaa la rithimu, lakini akatikisa kichwa, akasema kuwa hilo analisikia, anachotaka kujua ni jinsi mpiga besi anavyojizuia. Kisha akachukua besi yake, sauti ikiwa imefungwa, akajaribu vidole vyake juu ya nyuzi, akapata mwanzo, akaupoteza, akaupata tena. Akaniambia kwamba mtu aliyepiga vile alikuwa amefundishwa na mtu mvumilivu.

Nilimwambia kwamba ninaye Baba Mkubwa aliyepiga besi dansini Morogoro miaka hiyo. Hakuamini mpaka nilipomwonyesha ile picha yako ya suruali pana, umesimama kando ya spika.

Kwa hiyo nina maombi mawili, na nayaomba kwa heshima. La kwanza, tafadhali mruhusu mdogo wangu akurekodi kwa simu ukipiga besi peke yako, polepole, wimbo wowote unaoupenda, ukieleza kwa mdomo mahali unapoacha na kwa nini, nami nitamtafsiria fundi huyo. La pili, mwite na yule kijana wa jirani anayepiga gitaa kanisani, akae pembeni yako wakati unarekodi, na umwachie besi ajaribu. Nyuzi mpya za besi, seti mbili, nimekwisha kuzinunua, na nitazituma kwa mtu wa Mzumbe anayerudi nyumbani mwezi ujao. Nitampa namba yako ili akupigie akifika Msamvu. Kama kipaza sauti cha besi bado kinakoroma kama ulivyosema, niandikie jina lake na namba iliyo mgongoni, nitaulizia spea huku.

Msalimie sana Mama Mkubwa, Bibi, na wote wa hapo nyumbani.

Ni mimi mwanao.