Sukari ya Bibi Yako

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani hatujambo. Mvua zimeanza vizuri, migomba imenyanyuka, na mjomba wako amepona mguu.

Jumapili uliponipigia nilikukatia maneno, nisamehe. Ulisema umeikuta picha ya mazishi ya bibi yako, ukataka kujua yule kijana aliyekubeba begani ni nani, maana humjui na si mmoja wa wajomba zako. Ningeweza kukutajia jina lake pale pale kwenye simu. Lakini jina lake halitoshi, na kinachobaki kinanilazimu kukueleza jambo nililolifanya nikiwa na miaka 11, ambalo sijamwambia mtu tangu bibi yako alipofariki. Kwa hiyo nimeona nikuandikie.

Ulikuwa na miaka minne tu alipotutoka, mwaka 2009. Unaniambia unakumbuka harufu ya Dettol na mtu anayekukata kucha. Ndiye huyo. Alikuwa muuguzi na mkunga, na huku Muleba watu walimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa na alikuwa na watoto watano wa kuzaa mwenyewe. Nilipokuwa mdogo nilidhani glavu za hospitali ni nguo kama nguo nyingine, kwa sababu nilizikuta zimeanikwa kwenye kamba nyuma ya wodi. Hazikuwa za kutumia na kutupa. Ziliposhaoshwa na kukauka, bibi yako alizipuliza moja moja kama puto, akaweka sikio karibu kusikia kama zinavuja. Iliyotoboka ilitengwa. Nzima ilipakwa poda na kurudi kuchemshwa kwa mvuke. Siku ambazo hazikuwepo kabisa, mtoto alipokelewa kwa mikono mitupu.

Vita vya Amin vilipofika mwaka 1978 nilikuwa na miaka minne kama wewe kwenye ile picha. Daraja la Kyaka lilivunjwa, watu wa ng'ambo ya mto Kagera wakakimbilia kusini, na nakumbuka kulala jikoni miezi mingi kwa sababu vyumba vilijaa watu nisiowajua. Bibi yako hakutuuliza kama tunakubali. Hilo lilikuwa kama mazoezi tu ya yaliyokuja baadaye.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu, Kagera. Sisi jina la UKIMWI hatukulijua. Watu walisema Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikivushwa kwa magendo kutoka Uganda, kwa kuwa walioanza kuugua wengi walikuwa vijana wa biashara hiyo, wale waliovaa vizuri. Wengine walisema silimu, kwa jinsi mtu alivyokonda. Wengine walisema ni uchawi wa mtu aliyedhulumiwa mzigo. Vipimo havikuwepo huku. Mtu aliharisha wiki baada ya wiki, akaisha, akazikwa, na kabla matanga hayajaanuliwa unasikia kilio mtaa wa pili.

Hospitali haikuwa na cha kuwapa, wengi walirudishwa nyumbani. Bibi yako akawafuata huko. Akitoka zamu hakuja moja kwa moja nyumbani. Alikuwa na kikapu cha ukindu, na ndani yake mche wa sabuni alioukata vipande kwa uzi, khanga kuukuu za kutandika, chumvi, na sukari. Vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, lita moja ya maji yaliyochemshwa. Nilijua hesabu hiyo kabla sijajua vizuri jedwali la kuzidisha. Maji hayo hayakuponya ugonjwa, lakini yalimzuia mtu asikauke, na mtu asipokauka anaweza kuinua kichwa na kuongea na watoto wake.

Sasa, sukari miaka ile haikuwa kitu cha kununua dukani wakati wowote. Tulipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, na ukipata kilo moja unaificha ndani ya khanga usionekane njiani. Kilo hiyo ilikaa kwenye kopo juu ya kabati, na sisi watoto tulikunywa uji mweupe, bila hata chembe, wakati kopo tunaliona. Nilimchukia mama yangu kwa ajili ya kopo lile. Siku ya kipaimara changu alifika kanisani watu wakishatoka, akiwa bado na sare ya kazi, na mimi sikufikiria kwamba ametoka kuzalisha. Nilichofikiria ni kwamba watu wa nje wanapata sukari, wanapata na mama.

Kulikuwa na dada mmoja aliyeuza dagaa na furu sokoni kwetu. Mcheshi sana, akikupimia lazima akuongezee kiganja. Mwaka 1985 alianza kuugua taratibu, akiendelea kuuza, akijifunika kitenge mpaka shingoni kuficha vipele. Mama alikuwa akienda kwao usiku ili majirani wasione. Mimi nilijua kwa sababu nilimsikia akimwambia baba. Asubuhi moja kisimani, wenzangu wakinicheka kwamba kwetu tunakula uji wa chukuchuku na mama yetu ana mshahara, nikasema. Nikasema sukari yetu anapewa yule muuza dagaa, kwa sababu ana Juliana.

Ilichukua siku mbili. Jumamosi alikaa na beseni lake tangu asubuhi mpaka jua linazama, hakuna aliyesimama. Jumamosi iliyofuata hakuja tena sokoni. Shangazi yake aliyekuwa akimsaidia kuchota maji akahamia kwa ndugu mwingine.

Mama alipojua, hakunipiga. Nilimsubiri anipige. Alikaa kwenye kiti cha jikoni muda mrefu na viatu vyake vyeupe miguuni, kisha akasema: "Nguo ningeifua. Neno nitalifua na nini?" Kesho yake nilipotoka shule alinipa chupa ya lita moja, akaniambia niichanganye mwenyewe, nimfuate.

Nilimfuata miezi mitatu. Nataka ujue nilichokiona, kwa sababu watu wakimsifu bibi yako husema alikuwa mtoaji, na wanafikiria vitu. Vitu alivyotoa vilikuwa vichache, tulikuwa na vichache. Alifika mlangoni akapiga hodi na kungoja akaribishwe, katika nyumba ambayo watu walikuwa wanapita mbali nayo. Alikaa kwanza. Aliuliza habari za ng'ombe, za kibanja cha migomba, za mtoto. Ndipo alipopasha maji, akafunga dirisha, akamwosha yule dada kuanzia usoni kushuka chini, kama anavyooshwa mtoto mchanga, akimfunika sehemu aliyomaliza kabla hajaenda nyingine. Muda wote akiongea naye mambo ya sokoni.

Mama wa mgonjwa alituletea kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi kwa mgeni. Wewe umekulia mjini, huenda hujui uzito wake: kukataa kahawa ya mtu kwetu ni kumwambia humwamini. Na miezi hiyo kila mgeni aliyethubutu kufika pale alikuwa na kisingizio. Mama yangu aliipokea kwa mikono miwili, akatafuna, akanipa mimi punje. Nikaiweka shavuni. Tulipofika kwenye migomba nikaitema. Aliniona, hakusema kitu. Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi nilipoanza kuitafuna kweli.

Niliomba radhi, mama alinitaka nifanye hivyo. Yule dada alinitazama akasema, "Lete hiyo chupa, mikono yako ina uzito mzuri wa sukari." Basi. Alifariki mwezi wa saba, akaacha mtoto wa kiume wa miaka miwili kwa bibi yake.

Mtoto huyo ndiye kijana wa kwenye picha.

Watu walimshauri mama amchukue aje kukaa kwetu. Alikataa, na nadhani alikuwa sahihi. Alisema yule bibi amebakiwa na mjukuu mmoja, nani atamnyang'anya? Badala yake kila Januari alipeleka sare na daftari, na kila wiki alipita kumpima mtoto mkono na kuangalia macho yake. Alifanya hivyo kwa watoto wengi. Watafiti walipopima watu wazima Bukoba mjini mwaka 1987, karibu robo yao walikutwa na virusi, kwa hiyo unaweza kukisia yatima walikuwa wangapi. Sikuwahi kumsikia akiwahesabu.

Mwaka 2004 serikali ilipoanza kutoa dawa za kurefusha maisha bure, nilimwona akilia kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshika kopo la vidonge vya mgonjwa mmoja, analigeuzageuza. Akasema tu, "Zimechelewa." Kisha akaanza kazi upya. Wengi hawakuwa na saa, na vidonge vilitakiwa kila baada ya saa 12, basi akawafundisha kufuata redio: ngoma za taarifa ya habari ya saa mbili usiku zikilia, unameza. Alipostaafu mwaka 2007 hakuna kilichobadilika isipokuwa mshahara. Saa mbili usiku ungemkuta nyumba ya mtu, redio imewashwa, glasi ya maji mezani. Kiharusi kilimkuta akitoka katika nyumba kama hiyo.

Siku ya mazishi uwanja ulijaa watu ambao sisi wanawe watano hatukuwafahamu. Ulikuwa unalia kwa sababu ulikuwa huoni kitu, miguu ya watu tu. Yule kijana akakuinua akakuweka begani. Hakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Sasa anaendesha lori la ndizi kwenda Mwanza. Kila akipita hapa hushuka, hunisalimia "Shikamoo mama," na kuacha kilo mbili za sukari mezani. Hajawahi kusema kwa nini, na mimi huipokea kwa mikono miwili. Anajua Sista alimwosha mama yake. Hajui ni nani aliyewafukuza wateja wa mama yake. Bibi yako aliondoka na siri hiyo, na miaka yote hii nimeiacha kwake kama mzigo ambao bado ananibebea.

Anapita tena Ijumaa. Nimepanga kumkaribisha akae, nimpe kahawa, nimwambie. Desemba ukija likizo huenda ukamkuta hapa, huenda usimkute. Kwa sasa usimweleze mtu yeyote haya, nataka ayasikie kwangu kwanza.

Vaa sweta, Iringa kuna baridi.

Mama yako