Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Chama cha Wamiliki wa Magari

Ndugu Wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu, hivyo sitazieleza kwa urefu: geti la maegesho limekarabatiwa, taa 4 zimewekwa na Kamati imekutana mara 6. Tuko wanachama 58. Waliolipa ada ya shilingi 180,000 ni 23 tu. Makusanyo yalikuwa 4,140,000, makufuli ya usukani yamechukua 2,610,000, geti, taa na vikao 1,218,000, na salio ni 312,000.

Sasa suala la makufuli, ambalo limejadiliwa zaidi barazani kuliko kikaoni. Nimelaumiwa kwa kununua makufuli 58, yaani hata kwa wale 35 wasiolipa ada, badala ya kuwaacha waone cha moto. Uamuzi huo kwa kiasi kikubwa ulikuwa wangu, nami sikukurupuka. Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson wa Marekani walieleza kwamba wizi hutokea pale mambo matatu yanapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia ya kuiba, kitu kinachomfaa, na kukosekana kwa mlinzi wa kumzuia. Wapo waliosema kuwa chanzo ni ukosefu wa ajira. Siwabezi, ila wataalamu hao walionyesha kuwa uhalifu Marekani uliongezeka katika miaka ya 1960 uchumi ukiwa unakua, kwa sababu watu wengi zaidi walishinda nje na kuacha nyumba tupu. Nia ya mwizi hatuna uwezo nayo. Tulichoweza kubadilisha ni gari lenyewe.

Kwa nini magari yote? Ujerumani Magharibi ililazimisha makufuli ya usukani kwa magari yote, mapya na ya zamani, kufikia mwaka 1963, na wizi ukapungua sana. Uingereza ililazimisha mwaka 1971 kwa magari mapya pekee, na wezi wakahamia kwenye ya zamani. Ningewapa waliolipa peke yao, mwizi angeendelea kupita geti letu hilihili, naye akishaizoea njia haulizi risiti.

Mwaka uliotangulia yaliibwa magari 3. Mwaka huu moja, ambalo kufuli lake, nasikitika kusema, lilikuwa bado kwenye boksi.

Mlinzi anayetajwa na wataalamu hao si lazima awe wa kuajiriwa. Hata jirani anayechungulia dirishani anahesabika. Orodha ya zamu za usiku ina majina 20, lakini mara nyingi nimejikuta peke yangu na tochi. Mkutano uliopita tulikuwa 11, akidi haikutimia, na waliokosekana ndio waliolalamika zaidi.

Mwakani, fedha zikiruhusu na Mungu akipenda, tunatarajia kufikiria suala la kamera. Makufuli 6 bado yako sebuleni kwangu. Wahusika wafike kuyachukua.