Chambo cha Jumamosi
Ndugu wanakikundi, kwa kuwa Jumamosi tutavua kambare na perege, naomba kila mmoja achimbe nyungunyungu wake Ijumaa jioni, kwenye udongo mweusi wenye unyevunyevu chini ya migomba, badala ya kuchimba kando ya mto, kwani ukingo uliolegezwa kwa jembe humomonyoka mvua ikinyesha. Wahifadhini kivulini ndani ya kopo lililotobolewa matundu, pamoja na udongo uleule walimokuwa. Wakipigwa na jua hulegea upesi na hawashiki kwenye ndoana. Kwa perege, ambaye mdomo wake ni mdogo, kipande kifupi kinatosha, lakini kambare mtungieni nyungunyungu mzima, ncha ikining'inia. Mashimo yafukieni kabla ya kuondoka, hasa katika mashamba ya watu, ambako ruhusa huombwa kwanza.