Salamu za Krismasi kutoka Makambako, na habari za daftari la Baba

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wetu wa siku zote, kamwene. Kwa niaba ya Mama, wadogo zangu na wajukuu wote, ninawatakia heri ya Krismasi na Mwaka Mpya popote mlipo, ninyi mliobaki hapa Makambako na ninyi ambao riziki imewapeleka Mbeya, Songea, Dar es Salaam na hata ng'ambo ya mpaka, Zambia. Hii ni Krismasi ya kwanza tunayotuma salamu bila Baba. Tulimzika mwezi Mei, na kwa kuwa wengi wenu mlikaa matanga pamoja nasi huku baridi imeshaanza kuuma, tumeona si vyema salamu hizi zipite bila kumtaja.

Anayeijua Desemba ya nyanda za juu kusini anajua kwamba sikukuu hutukuta mikono ikiwa na udongo. Mvua imeshashika, njia za mitaani ni tope jekundu, mahindi ya waliowahi yamefika magotini na ya waliochelewa ndiyo kwanza yanachomoza. Kila nyumba ina hesabu ileile inayoiumiza kichwa: fedha za mavuno zilishakwisha, mbolea ya kukuzia haijanunuliwa, na Januari shule zinafunguliwa. Baba aliendesha duka katikati ya hesabu hiyo kwa karibu miaka 40, na mimi naamini kwamba aliyetaka kumjua, kama mfanyabiashara na kama mzazi, alipaswa kumtazama mwezi huu.

Alizaliwa Makete, na kama vijana wengi wa Kikinga wa rika lake aliteremka milimani kutafuta maisha. Reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, alifanya kibarua upande huu wetu, akadunduliza ujira wake, akafungua kibanda cha chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Kibanda hakikudumu. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakatakiwa kuyapisha ya ushirika, naye akarudi kwenye jembe. Vikafuata vita vya Kagera, kisha ile miaka ambayo hata kipande cha sabuni kilipangiwa foleni. Hakupenda kuisimulia miaka hiyo, nami sitairefusha. Duka mnalolijua, karibu na njia panda ambapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na barabara kuu ya Tunduma, alilifungua biashara zilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980.

Nikifumba macho ninaliona daftari lake la mkopo. Lilikuwa kaunta buku la jalada gumu, lililonuka mafuta ya taa, lenye kipande cha penseli kilichofungwa kwa uzi. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake, lakini hakuandika jina hata moja. Juu ya ukurasa alichora picha: ndoo, jembe, kofia, mbuzi mwenye pembe moja. Watoto wengi walitumwa dukani na walipenda kuchungulia, naye hakutaka mtoto wa mtu asome hapo kwamba baba yake anadaiwa kilo tano za sukari. Ufunguo wa picha hizo ulikuwa kichwani mwake tu, na sisi wanawe hatukuwahi kuupewa.

Kila ifikapo tarehe 20 Desemba alilifunga daftari hilo kwa kamba ya katani, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mizani, na halikuguswa mpaka shule zimefunguliwa. Katika siku hizo hakumdai mtu. Aliyetaka kukopa alikopeshwa, na deni lake likaandikwa kwenye kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji kilichongoja mwaka mpya. Mama alipomuuliza mtaji utatoka wapi, jibu lilikuwa moja miaka yote: "Hela ya Desemba ina wenyewe." Asije mtu akadhani alikuwa mpole wa madeni. Mwezi Julai, mavuno yakishaingia ndani, aliweza kufika kwako alfajiri, akakaa kwenye kigoda, akanywa uji, akauliza hali ya kila mtoto kwa jina lake, na asiondoke wala asitamke neno deni mpaka ulitamke wewe.

Nyumbani alikuwa na utaratibu ambao majirani waliucheka. Saa saba mchana, wakati mabasi yanashusha abiria na wenzake wanauza kwelikweli, yeye alifunga duka akaenda kula na Mama. Kwa ajili ya Krismasi alinunua jora moja la kitambaa, akampa fundi cherehani wa pale barazani, na sote sita tukaingia kanisani tumevaa sare kama kwaya, mikono ya mashati ikitufunika vidole kwa sababu nguo ilipaswa kufika mwaka wa pili. Miaka ya mwisho, magoti ya Mama yalipoanza kumsumbua, ni yeye aliyeamka saa kumi na moja kuwasha jiko la mkaa na kumchemshia maji ya kuoga, na hakukubali msichana wa kazi amsaidie.

Alikuwa pia na shingo ngumu. Nilipomaliza chuo nikakataa kurudi dukani, alininyamazia miezi minne, akawa ananiletea salamu kupitia kwa Mama kana kwamba mimi ni mgeni aliyelala siku moja akaenda zake. Mwezi wa tano kondakta wa basi alinipigia simu nikachukue mzigo Ubungo. Ulikuwa gunia la viazi, halina barua, mdomo wake umeshonwa kwa katani ileile kwa mishono yake mirefu niliyoizoea tangu utotoni. Nililifungua kwa meno, kisu kikiwa mezani.

Baada ya matanga tulilishusha daftari, tukakaa nalo mezani bila kujua pa kuanzia. Hatukumwita mtu. Mlianza kuja wenyewe: mama mmoja akasema, "Mimi ndiye ndoo," mzee wa kule bondeni akaunyosha kidole ukurasa wa jembe, na kijana ambaye hata sisi hatukumfahamu akacheka alipomwona mbuzi, akasema baba yake marehemu alikuwa naye kweli mbuzi wa pembe moja. Kurasa karibu zote sasa zimepigwa mstari.

Mwaka huu tarehe 20 tumelifunga na kulitundika pale pale. Tarehe 24 duka litafungwa saa nane mchana, na siku ya sikukuu, baada ya ibada, mlango wa nyumbani uko wazi kwa yeyote atakayepita kumsabahi Mama. Umebaki ukurasa mmoja wenye picha ya mwavuli, ambao mwenyewe hajajitokeza. Kama ni wewe, deni liache. Njoo tu unywe chai, utuambie ule mwavuli ulikuwa na habari gani.