Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kazi yetu ya kuwashirikisha wananchi katika maamuzi imetufuata yenyewe. Zamani ni sisi tuliokuwa tukibisha hodi kwenye ofisi za halmashauri, kueleza kwa nini mwananchi aulizwe kabla barabara haijachorwa au soko halijahamishwa. Sasa halmashauri zinatangaza zabuni za ushirikishwaji wa wananchi, na makampuni ya ushauri yaliyozoea kukagua hesabu na kuchora ramani nayo yanaziomba. Nimefurahi, lakini nina wasiwasi, na nitauzungumzia huo zaidi. Mapato, mafunzo na wanachama wapya mtayakuta katika taarifa za katibu na mhazini.

Kazi yetu imeanza kupimwa kwa idadi. Mikataba inataja mikutano mingapi ifanyike, watu wangapi wasaini karatasi ya mahudhurio, fomu ngapi zijazwe. Ni mara chache inataja ni uamuzi gani ambao bado haujafanywa. Mwenzetu mmoja aliitwa kukusanya maoni kuhusu mpango wa ardhi. Alipouliza ni kipi kinaweza kubadilika, akaambiwa mkandarasi ameshapatikana. Aliikataa kazi ile. Ilikuwa na malipo mazuri, na aliyeyakosa ni yeye, si chama. Nilimpigia simu kumshukuru, na leo namshukuru tena mbele yenu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, aliyekuwa amefanya kazi ya ushirikishwaji ndani ya serikali ya Marekani, aliuchora ushiriki wa wananchi kama ngazi yenye vidato vinane. Viwili vya chini hakuviita ushiriki kabisa. Kuwapasha wananchi habari na kukusanya maoni yao alivihesabu kuwa ushiriki wa jina tu, kwa sababu mwenye mamlaka anasikiliza bila kulazimika kubadili chochote. Sehemu kubwa ya kazi tunayoombwa leo iko kwenye vidato hivyo. Si aibu kuanzia hapo, mradi mwananchi aambiwe waziwazi amesimama kidato gani.

Kwamba inawezekana kupanda zaidi, tunajua. Mwaka 2014 jiji la Melbourne, Australia, liliunda jopo la watu 43, waliopatikana kwa bahati nasibu miongoni mwa wakazi na wenye biashara, ili lishauri kuhusu mpango wa fedha wa miaka kumi. Walifunguliwa vitabu vya hesabu, wakapewa muda wa kuhoji wataalamu, na baraza la jiji likawajibu hadharani. Wengi huogopa kwamba wananchi wakiachiwa bajeti watadai kila kitu na kukataa kulipa. Jopo lile lilipendekeza hata kodi ya majengo ipandishwe. Ninawaamini watu wa kawaida kwa sababu ya mambo kama haya: aliyeoneshwa hesabu nzima huitafakari hesabu nzima.

Na Porto Alegre, Brazil, ilikoanza mwaka 1989 bajeti shirikishi, ambapo wakazi wenyewe hupanga vipaumbele vya fedha za jiji, watu hawakurudi mikutanoni mwaka baada ya mwaka kwa kupenda vikao. Walirudi kwa sababu mfereji wa majitaka walioupa kipaumbele ulichimbwa. Mrejesho ndio unaotushinda zaidi. Tunakusanya maoni kwa bidii, tunaandika ripoti nzuri, kisha aliyekaa nasi jioni kwa muda wa saa tatu, watoto amewaacha kwa jirani, hasikii tena neno. Siku nyingine akiitwa haji, na sisi tunaandika kwamba mwitikio ulikuwa hafifu. Hiyo ni dhuluma, na sehemu yake ni yetu.

Kwa hiyo kamati inaleta azimio. Mwanachama asisaini mkataba ambao hautaji uamuzi ambao bado haujafanywa na nani ataufanya. Kila mkataba uwe na fungu la mrejesho, ili waliotoa maoni waelezwe kilichokubaliwa, kilichokataliwa na sababu yake. Gharama za kuwawezesha watu kuhudhuria, kuanzia nauli na mkalimani hadi mlezi wa watoto, ziandikwe kwenye zabuni tangu mwanzo, zisisubiri hisani ya mtu.

Najua wapo watakaosema tutapoteza kazi. Baadhi tutazipoteza, na kazi hizo zitachukuliwa na wasiouliza maswali. Bado naunga mkono azimio hili kwa moyo wote.

Rasimu iko mezani kwenu. Naomba ijadiliwe kabla ya uchaguzi, ili kamati mpya ijue imekabidhiwa nini.

Mwenyekiti